Korongo Lililotusindikiza

Jana usiku niliota niko Krete, kisiwa cha bahari ya Mediterania ambacho sijawahi kukikanyaga wala sina haja nacho. Niko na mke wangu, Zamda. Tumesimama mlangoni mwa korongo, njia nyembamba kati ya majabali mawili marefu, inayoteremka hadi ufukweni.

Mlinzi ni mbuzi mwenye ndevu.

"Korongo hufungwa jioni," anatuambia. "Atakayekuwa ndani atabaki ndani."

"Linafungwaje?" Zamda anauliza.

Mbuzi anakutanisha kwato zake mbili za mbele, taratibu, mpaka hakuna nafasi.

Mimi nimelelewa Pangani, siingii mahali pa watu kimyakimya. Nikapiga hodi.

"Karibuni!" likajibu korongo. "Habari za safari?"

"Nzuri."

"Za nyumbani? Watoto? Wazee?"

Nikajibu zote, nami nikauliza za kwake. Salamu zikaendelea mpaka jua likavuka upande wa pili. Zamda akanifinya.

"Wewe na adabu zako, utatuzika humu."

Tukaaga. Lakini mwenyeji mwema humsindikiza mgeni wake, na korongo lilikuwa na malezi.

"Ngojeni niwasogeze kidogo," likasema. Nami, mjinga, nikasema ahsante.

Tunatembea, nalo linatembea. Mbele naiona bahari, nasikia mashua ya mwisho ikipiga honi. Tukipiga hatua, majabali nayo yanapiga hatua. Ufukwe hausogei hata kidogo.

Jua linashuka na kuta zinasogeleana. Bega langu la kulia linagusa jabali, kisha la kushoto. Zamda yuko mbele, anapita kiubavu. Niliogopa, na sikuogopa kwa ajili yangu.

"Liambie lirudi!" anasema.

"Nimfukuze mwenyeji?"

"Liambie, mwanamume wewe!"

Nikakohoa kidogo. "Yatosha, mwenyeji wetu. Ishia hapa."

"Aa, bado kidogo tu."

Kuta zikambana Zamda kifuani. Nikazisukuma kwa viganja vyote viwili, nikimwita jina. Kisha, kwa pumzi iliyobaki, akaliuliza korongo, "Na nyumba umemwachia nani?"

Korongo likasimama. "Mbuzi."

"Umemwachia mbuzi majani yako yote?"

Majabali yakageukia nyuma, kule alikobaki mbuzi.

"Mola wangu!" likasema korongo, likageuka mbio. Majabali yakatupita huku na huku, nasi tukajikuta mchangani, maji yametufika vifundoni. Zamda anakohoa, analia, anacheka. Nikamshika mkono, ulikuwa na joto, nikashukuru.

Sasa niambieni, mtu aliyelelewa anaachana na mwenyeji wake hivihivi?

"Ahsante sana!" nikapaza sauti. "Nawe karibu kwetu!"

Zamda akaniziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Nitakuja," likajibu kwa mbali.

Nikaamka. Kumekucha, Zamda yu kando yangu anakoroma, na sijawahi kuufurahia mkoromo ule kama leo. Nikainuka kutoa shati kabatini. Mlango wa kabati ukafunguka nusu, ukagonga kitanda.

Tangu tuoane haujawahi kugonga kitanda.

Nikaugusa ukuta. Ulikuwa wa baridi, na karibu mno.

"Karibu," nikasema, maana ningesema nini tena?