Feni ya Gari la Marehemu

Feni ya hita ilianza kupiga kelele kama paka aliyefungiwa kabatini, kisha ikanyamaza kabisa. Mama alikuwa wa kupelekwa kliniki kila wiki na asubuhi zilikuwa za baridi kali, hivyo Kaka Mkubwa akalipeleka gari la marehemu baba gereji. Alimchukua na mdogo wake, Kitinda, amshikie fundi tochi.

Kitinda ndiye aliyemuuguza baba, na ndiye aliyebeba lawama za kifo chake. Ukoo mzima uliamini kwamba alipitiwa na usingizi, akachelewa kumwita kaka yake, mzee akakata roho njiani kwenda hospitali, akiwa na Kaka Mkubwa peke yake garini. Mwenyewe alikumbuka kwamba aliita mapema, lakini alikuwa ameambiwa sana, hata akaanza kujitilia shaka.

Fundi, mama mnene asiye na maneno mengi, alichomoa kisanduku cha dashibodi, akalegeza skrubu na kuitoa feni. Ilikuwa imesheheni majani makavu. Akayakung'uta, akabadilisha kaboni za mota zilizolika, akatia tone la oili, kisha akaiunganisha na betri kuijaribu. Feni ikazunguka. Ilitoa vumbi, halafu ikatoa sauti ya baba.

“Mwanangu, mpira utaisha bila wewe,” ilisema, pumzi zikikatika. “Nifikishe kwanza.”

Fundi alieleza kuwa magari ya zamani hushika pumzi za watu. Moja aliloletewa juzi lilishinda likikohoa. Akaanza kurudisha skrubu.

Kitinda alimgeukia kaka yake. “Kumbe ulisimama kuangalia mpira?”

“Zilibaki dakika za mwisho tu,” alijibu Kaka Mkubwa, kisha akamwomba fundi aweke namba mbili, asikie kama inavuma sawasawa.

Ilivuma sawasawa.

Siku ya kliniki mama aliketi mbele, akavielekeza viganja kwenye joto. Baba akasema yake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama huko aliko anavaa sweta. Baba akarudia habari ya mpira. Basi mama akataka kujua nani alishinda siku ile. Kaka Mkubwa akamwambia.

Kitinda, kiti cha nyuma, alingoja. Walipita soko, wakapita daraja.

“Lakini na wewe, mwanangu,” mama alisema bila kugeuka, “ungemwita kaka yako mapema.”

“Nilimwita mapema, mama.”

Mama alisema miguu yake bado ina baridi. Kaka Mkubwa akaongeza feni.