Uchovu wa Dada

Dada alikuja maabara moja kwa moja kutoka kiwandani, vidole bado vimekufa ganzi. Anabeba makreti ya samaki katika chumba cha barafu, na miezi kadhaa hajaona siku zake. Nyumbani mama mkwe wake ameshaanza kumwita mama kijacho.

"Haya, dokta wangu, nipe habari," alitania, akijitupa kitini.

Mimi ni fundi wa maabara tu. Nilikuwa nimerudia kipimo, nikiomba kiwe kimekosea.

"Dada, huna mimba."

Alitazama sakafu. "Basi mimi mgumba?"

"Hapana. Daktari ameona vipimo vyote. Baridi, mizigo na kula kidogo vimeshusha homoni za uzazi. Mwili unabana nguvu iliyobaki ili wewe uishi. Ukila na kupumzika, zitarudi polepole."

"Kupumzika!" Alicheka bila sauti. Kisha akanishika mkono kwa vidole vyake vya baridi. "Mdogo wangu, usimwambie mama mkwe. Tangu adhani nina mimba, ananitekea maji, na nyama ananiwekea mimi kwanza."

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwa na dawa nyingine ya kumpa.