Nondo za Juu ya Dari

Ijumaa, tarehe 12 Januari 2018. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeufunika mji wa pwani wa Sitakunda hata mnara wa msikiti hauonekani, na umande ulichuruzika kwenye nondo zilizosimama juu ya dari la mzee Ansar Ali kama vile mvua imetoka kunyesha.

Nondo hizo zilichomoza kutoka vichwani mwa nguzo, fungu hapa, fungu pale, zikingojea ghorofa ya juu. Ansar Ali, fundi mwashi aliyekwisha kustaafu, aliziacha hivyo alipomwaga dari, kama afanyavyo kila mwenye mtoto wa kiume mjini hapo: chini wazee, juu mwana na mkewe. Lakini mwanawe Rashed alikwenda Italia, akaoa huko, akanunua nyumba huko. Aliyerudi ni binti, Shefali, muuguzi, ndoa yake ilipovunjika. Alilala na wanawe katika chumba cha mbele, masanduku yamepangwa hadi dirishani. Alikuwa ameomba ajengewe juu. Baba hakukataa, wala hakukubali. Kila akiulizwa, alisema zege ni kazi kubwa.

Ndiyo maana asubuhi hiyo Shefali alimleta mjomba wake Gofran, mchomeleaji vyuma, ndugu wa marehemu mama yake.

"Shemeji, mimi namjengea kwa chuma," Gofran alisema, akipuliza chai yake. "Nakata hivi vijiti vyako, nasimamisha nguzo za chuma, nakaza bolti, mwezi hauishi kahamia. Tukikungoja wewe na zege lako, wajukuu wataota ndevu."

"Chuma chako kwenye upepo huu wa chumvi kitaliwa kama biskuti ndani ya chai," alijibu Ansar Ali. "Na moto je? Moto ukiwaka, chuma kinalegea. Zege linasimama."

"Zege bila chuma tumboni ni nini? Linabeba mzigo, sawa, lakini livute uone kama halikupasuka! Na nondo zako hizi zimetoka kwenye meli kuukuu niliyoikata mimi pale ufukweni. Miaka yote unalala chini ya kazi yangu, hata asante hujasema."

Bi Hazera, jirani, aliyekuwa akifagia dari lake ng'ambo ya uchochoro, akacheka. "Mpe na la tetemeko, Gofran!"

"Na tetemeko! Nyumba nyepesi haiulemei msingi."

"Msingi niliuchimba kubeba ghorofa!"

Gofran aliweka kikombe chini, akainua msumeno wake.

"Usiguse!" Sauti ya mzee ilipanda hata kunguru wakaruka.

Shefali akasogea karibu. "Baba, tuache zege, tuache chuma. Niambie tu, nondo hizi ni za nani?"

Ansar Ali aliikumbuka siku ya kumwaga dari: dua alfajiri, kisha msururu wa watu wakipanda ngazi ya mianzi na karai za zege vichwani, bila kusimama, kwa kuwa zege halimngojei mtu. Chini, mkewe Monowara alikoroga sufuria la mchele na dengu la kuwalisha wote. Siku zilizofuata walizungushia dari kingo za udongo, wakalijaza maji ili zege likomae taratibu. Rashed alikimbia kwenda kucheza mpira. Aliyeshinda juu, miguu majini, akiyaacha majani ya mwembe yaelee, ni Shefali.

Na kila mwaka kabla ya masika, Monowara alizipaka nondo uji wa saruji zisipate kutu. Alipofariki, mzee akaendelea, akimwombea mkewe kwa kila nondo aliyoipaka.

Akaokota msumari, akakwangua nondo moja. Ganda la saruji likabanduka. Ndani chuma kilikuwa safi, cha kijivu, hakina kutu hata kidogo. Gofran alipitisha kidole juu yake, utani ukamwishia.

"Masika yake ya mwisho," mzee alisema polepole, "nilimwambia, mama Rashed, unajichosha bure, kijana harudi. Akanicheka. Akasema, nani kakwambia namtunzia yeye? Namtunzia atakayerudi." Akajifuta macho kwa ncha ya shali. "Nilimsikia. Nikafanya kama sikusikia."

Shefali aliinama, akaishika ile nondo kwa mikono miwili.

"Sasa Shefali mwanangu, sikiliza. Shemeji, weka msumeno. Na wewe Bi Hazera, acha kufagia, nataka mashahidi." Akasimama wima, mkono juu ya nondo. "Bismillahi. Nguzo zitakuwa za zege, kutoka kwenye nondo hizi hizi za mama yako. Paa litakuwa la chuma, jepesi, la mjomba wako, asije akanuna. Kabla ya masika, Mungu akipenda, ghorofa hii itasimama, na itakuwa ya Shefali, si ya mtu mwingine. Hata Rashed akirudi kesho, atabisha hodi. Nimeahidi, na nyinyi mmesikia."