Kizimba cha Biskuti

Benedicta alikuwa hajalia. Hilo ndilo lililowasumbua watu wa mtaa wao wa Ilomba, Mbeya, tangu amzike mumewe, Kasian, kule kwao Nyololo, mwezi wa pili, mvua ikimwagika. Mjane asiyelia anawapa majirani kazi. Walianza kwa kusema ana moyo mgumu, wakaishia kusema mengine ambayo hayarudiwi hapa, maana waliosema wapo na wanajijua. Yeye alipika, alifua, alikwenda jumuiya, aliitikia rozari. Ukimsalimia, anaitika. Ila ndani pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na hakuwa na haraka ya kuunyoosha.

Mwezi wa tano akaja binti yake wa pekee, Mercy, anayefanya kazi Dar es Salaam. Alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu alikuwamo mbwa. Tuseme mbwa, kwa kuwa aliyemuuza alimwita hivyo. Alikuwa chiwawa, wale wadogo wa kizungu wanaobebwa kwenye mikoba: masikio makubwa kuliko kichwa, miguu myembamba, na baridi ya Mbeya ilikuwa imeshamshika, anatetemeka mpaka meno.

“Anaitwa Biskuti,” Mercy alisema.

“Sasa huyu atafukuza mwizi gani?”

“Hajaja kulinda, mama. Amekuja kukaa na wewe.”

Benedicta alimtazama mbwa, mbwa akakojoa kwenye zulia. Mercy akafuta, kisha akakaa karibu na mama yake na kusema alichokuja kusema. Alikisema kwa upole, lakini kilikuwa kigumu. Alisema mama anakonda. Alisema akipiga simu anajibiwa “nipo” na hakuna zaidi. Mwezi wa saba ukoo ungekutana Nyololo kulijengea kaburi la baba, na yeye angefika.

“Uje naye. Nikimkuta huyu msafi, amejua choo chake ni wapi, nitajua unajiweza. Nikikuta ananuka na anapolala pananuka, tunapangisha hapa, twende wote Dar. Sitabishana na wewe, mama.”

Mtoto uliyembeba mgongoni anakupa mtihani wa mbwa. Ndiyo dunia ya siku hizi, na usidhani imeshaumaliza ubaya wake. Lakini Benedicta hakukasirika, hasira nayo ilikuwa imelala ganzi. Alichosikia ni neno moja tu: kupangisha. Nyumba ile Kasian aliijenga mwenyewe, tofali baada ya tofali, na koti lake la baridi lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango. Katika mwili wote ule uliokufa ganzi, hapo ndipo palipobaki pakiguswa panauma. Dar hakutaka kwenda.

Mercy alimwachia maelekezo, na aliporudi Dar akaendelea kuyatuma kwa sauti za WhatsApp. Akiamka, mtoe nje. Akila, mtoe nje. Akimaliza kucheza, mtoe nje, na iwe sehemu ileile kila siku, anuse harufu yake mwenyewe. Akimaliza tu, msifu papo hapo, usingoje kuingia ndani. Akikosea, usimpige wala usimsugue pua, futa kwa siki na unyamaze. Halafu jambo la kizimba, la kulalia na kutulia pale mama anapokuwa na kazi.

“Kiwe kidogo, mama. Asimame, ageuke, alale, basi. Mbwa hapendi kuchafua anapolala. Ukimpa nafasi kubwa, upande mmoja atafanya chumba na upande wa pili choo.”

Benedicta akaenda sokoni Mwanjelwa kutafuta kizimba. Picha aliyotumiwa ilikuwa ya kizimba cha nyaya, chenye mlango na kitasa, na kila muuzaji aliyeonyeshwa aliuliza kama ni cha kufugia kanga. Akanunua tenga la kuku. Biskuti alilala humo usiku mmoja, akatafuna fito, asubuhi akakutwa kichwa kipo nje na mwili upo ndani, analia. Akajaribu beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko, akaona mnyama atakosa hewa. Ikabaki mbao. Na kwa mbao, mtaani kwake, mtu ni Habibu.

Habibu ndiye aliyetengeneza jeneza la Kasian. Siku ile Benedicta alikwenda karakana kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo mfiwa hafanyi, watu wapo wa kumfanyia. Kasian alikuwa mfupi. Mtaa mzima ulijua, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kujitania, kila suruali aliyonunua ilikatwa miguu kabla ya kuvaliwa. Lakini Habibu alipouliza urefu, Benedicta alisema, “Fanya kubwa. Asibanwe.” Habibu hakubishana na mjane. Alifanya kubwa.

Safari hii alimkuta amefunga kanzu yake kiunoni, anapulizia vumbi la mbao.

“Karibu, Mama Mercy. Pole na baridi.”

“Nimeshapoa. Nataka kizimba cha huyu.”

Habibu aliangalia ndani ya kikapu na kurudi nyuma hatua moja. “Mimi nina udhu, mama, na adhuhuri ndiyo hiyo inakaribia. Shika futi, mpime mwenyewe, unitajie.”

Akamwekea futi mezani. Benedicta hakuifungua. Akatanua mikono yake.

“Hivi.”

“Hapo si atalala mbuzi?”

“Atakua,” Benedicta alisema. “Sitaki abanwe.”

Atakua. Neno hilo limewavisha watoto wa nchi hii sweta za shule zinazogusa magoti na viatu vilivyosokomezwa magazeti puani. Hakuna mama anayenunua saizi ya leo. Anayefanya hivyo anaitwa mfujaji. Sasa umweleze nani kwamba yupo kiumbe aliyezaliwa asikue, atakayezeeka akiwa na ukubwa wa paka? Mercy alikuwa ameshaeleza, kwa sauti, na sauti yenyewe Benedicta aliisikiliza mara mbili. Mikono ikatanuka vilevile.

Kizimba kikaja, kizuri, mbao za msindano zimepigwa randa, mlango wa fito, hewa inapita. Kikajaza kona ya sebule. Biskuti alipoingizwa alionekana kama kitu kilichosahauliwa humo. Na akafanya kama Mercy alivyosema: akachagua kona ya kushoto kuwa chumba, ya kulia kuwa choo. Asubuhi Benedicta anamtoa nje, anamweka chini ya mti wa parachichi, anamngoja kwenye umande, mbwa anamtazama tu usoni. Ana shida gani? Ameshamaliza ndani. Wanarudi, anapanguswa, siki inamwagwa, kesho tena. Hakumpiga. Hakumsifu pia, maana hakukuwa na la kusifia. Alifanya kazi ile kama alivyofanya nyingine zote, mikono ikitembea na mwenyewe hayupo.

Mpaka mwezi wa saba unaingia, nyumba ilinuka siki na mkojo. Mercy akauliza kwenye simu, “Biskuti anaendeleaje?”

“Yupo,” Benedicta alijibu.

Siku ya safari akaja Filemoni, mdogo wake Kasian, na pikapu yake. Filemoni ni mtu wa maneno machache, mkulima wa viazi, kazi yake mjini ni kuleta magunia na kuondoka. Alikitazama kizimba, akamtazama mbwa, akafungua mlango wa nyuma wa pikapu. Walikipakia nyuma, Biskuti wakampakata mbele. Njia nzima mpaka Makambako waliongea juu ya mvua zilizopita na bei ya mbolea. Benedicta aliitikia. Kichwani alikuwa anatoa nguo kabatini, anazikunja, anazipanga kwenye sanduku la Dar.

Nyumba ya ukoo kule Nyololo iko chini ya barabara kuu. Magari yanaishia juu, na kutoka hapo unateremka kwa njia ya udongo mwekundu katikati ya misindano. Ukiipita nyumba, unafika makaburini. Njia ni hiyohiyo moja.

Filemoni akamrudisha mbwa kizimbani ili ashushe vyote kwa mara moja, akakitupia kizimba begani na kutangulia. Benedicta akafuata na kikapu cha vyakula. Njia ikainama. Kizimba nacho kikainama. Ndani yakasikika makucha yakikwaruza mbao, yakitafuta pa kushika, yakikosa, kisha mwili ukateleza urefu wote wa kizimba na kugonga ubao wa mwisho. Du. Halafu kimya.

Benedicta akaacha kikapu kikaanguka.

Aliijua sauti ile. Mwezi wa pili, mvua ikinyesha, wanaume sita walikuwa wamebeba jeneza kwenye njia hii, na yeye alikuwa nyuma yao, karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Njia ilipoinama alimsikia Kasian akiteleza. Mfupi yule, ndani ya jeneza kubwa aliloagiza yeye, asibanwe. Aliteleza akagonga mwisho, kama kitu kilicholegea kwenye sanduku. Kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu. Akaangalia kushoto na kulia, hakuna aliyegeuka. Akajua amesikia peke yake, na kwamba mumewe anakwenda kaburini anagongwagongwa kwa sababu ya mkono wake. Hapo ndipo ganzi ilipoanzia. Hakumwambia mtu. Utaanzia wapi kulisema?

“Kishushe,” alisema sasa.

Filemoni alishusha kizimba. Hakugeuka kumtazama. Biskuti alitoa mlio mdogo ndani.

“Shemeji,” Benedicta akasema, na sauti yake mwenyewe akaisikia inatoka mbali. “Siku ile ulisikia?”

Filemoni akakaa juu ya jiwe. Akavua kofia.

“Tulisikia wote. Wote sita.”

“Mbona hamkusema?”

“Tungekuambia nini, shemeji? Tulikubaliana palepale makaburini tusikutie jambo hilo moyoni. Tukajua wewe hujasikia, maana hata hukushtuka.” Akaigeuzageuza kofia. “Mimi nilikuwa mbele, upande wa miguu. Alipoteleza, uzito wote ulinijia hapa.” Akagusa bega lake la kulia. “Nikamwambia, taratibu, kaka, nimekushika. Nilimwambia kwa sauti kabisa. Sijui kama walinisikia. Nikatembea naye hivyo mpaka chini, ameniegemea.”

Benedicta alilitazama lile bega. Sweta lilikuwa limechanika mshono. Miezi yote ile alikuwa akimwona Kasian amegonga ubao, peke yake, gizani, kwa kosa lake. Kumbe upande wa pili wa ubao alikuwapo mdogo wake.

Akakaa chini, pale pale kwenye udongo, kitenge na vyote. Kilianza kwa mabega. Kisha akalia. Alilia kwa sauti mbaya isiyo na mpangilio, kamasi zikitoka, bila hata kujifunika uso, na Filemoni akakaa vilevile juu ya jiwe asimguse wala asimnyamazishe. Baada ya muda Benedicta alinyoosha mkono, akafungua mlango wa kizimba, akamtoa mbwa. Alikuwa anatetemeka. Akamtia ndani ya kitenge, kifuani, akambana.

Hivyo ndivyo Mercy alivyowakuta. Alikuwa ameshuka basi la Dar, anateremka na begi lake, akaona mama yake yupo chini katikati ya njia, analia, na kitenge kimelowa mkojo wa mbwa.

“Basi mama,” alisema, naye akaanza kulia. “Basi. Tutaondoka wote.”

“Nenda kamsalimie bibi yako,” Benedicta akamwambia, akifuta pua. “Mimi siendi Dar.”

Usiku ule Biskuti hakulala kizimbani. Benedicta aliomba boksi tupu la sabuni, akatandika sweta kuukuu la Kasian, akamtia humo. Alienea hasa: akisimama anafika, akigeuka anageuka, basi. Alfajiri Mercy aliamshwa na mlango. Akachungulia dirishani. Mama yake alikuwa nje kwenye umande, kanga kichwani, amemweka mbwa chini ya msindano. Mbwa akazunguka, akanusa, akakojoa.

“Safi baba,” mama yake alikuwa anasema. “Safi sana, mume wangu mdogo. Umeona?” Na akacheka, halafu akalia tena kidogo, halafu akamnyanyua.

Mercy alikwenda kulipapasa lile sweta ndani ya boksi. Lilikuwa kavu. Akarudi kitandani, na habari ya kupangisha nyumba hakuitaja, si siku ile ya kaburi, wala siku ya kuagana.

Waliporudi Mbeya, Benedicta alimbeba Biskuti mpaka kwa Habibu. Alimkuta amemaliza kuswali, anavaa viatu.

“Kile kizimba,” alisema. “Nataka ukate ubao, unitilie katikati.”

“Nilikuambia atalala mbuzi.”

“Uliniambia. Lete futi.”

Akamlaza Biskuti mezani, juu ya vumbi la mbao, akanyoosha futi kutoka puani mpaka mkiani, kisha kutoka unyayo mpaka ncha ya sikio. Akarudia kupima. Habibu alisimama kando na penseli, akingoja.

“Niongezee kidogo?” aliuliza. “Asibanwe?”

“Hapana,” Benedicta alisema. “Abanwe. Nisimsikie anateleza.”

Penseli ya Habibu ilisimama. Alimtazama Benedicta, na Benedicta hakuangalia pembeni. Kisha akaandika kipimo kama alivyotajiwa.