Kamba ya Shemeji

Tarki alikuwa na mdomo, hilo halina ubishi. Mwaka mzima alimtania Poma, kaka wa mkewe: "Shemeji, kamba yako hata kuni zitakataa kufungwa nayo!" Poma alicheka tu.

Ukafika wakati wa kusuka upya daraja la nyasi juu ya korongo, kila mwanamume alete kamba yake. Na Tarki, huyo fundi wa kujisifu? Alikuwa amezama kwenye pombe ya mahindi! Nyasi mbichi hakukata. Akachukua zilizokauka darini tangu mwaka jana, akaziloweka zikalainika, akasuka kamba ya kupendeza macho. Nani angejua?

Kamba hupimwa kwa kuvutana, watu huku na watu kule. Yake na ya Poma zililetwa pamoja, maana ni familia moja. Ya kwanza ikavutwa. Pwaa! Ikakatika, wanaume wazima wakaanguka chali, kijiji kikacheka mpaka machozi.

"Ya nani hii?" akafoka msimamizi wa daraja.

Tarki aliitambua. Ni yake!

"Yangu, mzee," akasema Poma.

"Nilijua!" akasema msimamizi. "We mikono yako ni ya kushikia kijiko tu!"

Tarki akamvuta pembeni. "We Poma, una wazimu?"

"Mimi wameshanizoea. Wakikucheka wewe, dada yangu ataweka wapi uso?"

Tarki angeweza kusema kweli. Lo, mdomo wote ule ukakosa neno moja! Kamba ya pili ikavutwa, ikavutwa tena, ikagoma kukatika. Wote wakaamini ni ya Tarki, na mwenye kamba bora ndiye huvuka kwanza.

Daraja lilipokamilika, wakamvika maua, wakamsukuma mbele. Akamtazama mkewe, Wayta, aliyejua vizuri msuko wa kaka yake.

"Nenda," Wayta akasema, macho chini. "Si umeitwa wewe?"

Akaenda. Aibu ilimchoma masikio. Kila alipokanyaga alijua anakanyaga jasho la mwenzake. Mto ukanguruma chini, akatamani ummeze. Ng'ambo wakamkumbatia, fundi, fundi! Akageuka kutazama alikotoka. Katika umati wote ule, aliyeshangilia kuliko wote alikuwa Poma, akimpungia kwa mikono yote miwili.