Marashi na Dirisha la Shangazi

Pale saluni walimwita Marashi, maana kumtafuta hukuhitaji macho, pua ilitosha. Alijipaka losheni ya waridi, akajipulizia manukato, hata pedi zake zilinukia maua. Chakula cha mchana alikipasha moto ndani ya kopo la plastiki lililokwisha pinda. Na kila mwezi, siku mbili nzima, tumbo lilimkata kama kisu.

Siku hiyo lilimshika akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Akajikunja sakafuni. Mteja, upande umesukwa, upande timutimu, akalia, "Jamani, mimi nitatokaje hivi?"

Shangazi yake, mwenye saluni, akamwinamia. "Jikaze, mwanangu. Ukizaa yatakwisha."

"Shangazi, wewe umezaa watano na bado unakumbatia chupa ya maji ya moto!"

Saluni ikaangua kicheko. Shangazi akamfunga mteja kitambaa kichwani, akamshika Marashi mkono mpaka zahanati.

Muuguzi alipiga chafya tatu kabla ya salamu. "Nani kavunja chupa ya manukato?"

"Haijavunjika," alisema Shangazi. "Ndivyo alivyo."

Muuguzi alimsikiliza Marashi hadi mwisho, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Akamwambia maumivu ya kumwangusha mtu si ya kuvumilia, akampa dawa na kumwandikia kipimo. Kisha akauliza anakula nini, anajipaka nini, anashika nini kazini.

"Kuna kemikali kwenye plastiki, manukato na dawa za nywele zinazoweza kuvuruga homoni," alisema. "Siapi kwamba ndizo zinazokuumiza, wataalamu bado wanachunguza. Ila ukipunguza, hupotezi kitu."

"Dawa za nywele?" Shangazi aliruka. "Nifunge saluni niuze mchicha?"

"Fungua dirisha tu, mama. Na mvae glavu."

Shangazi alinuna njia nzima. Kesho yake aling'oa kadibodi iliyoziba dirisha miaka sita, akaweka sahani ya udongo ya kupashia chakula kwenye meza ya Marashi.

Kipimo kilionyesha uvimbe mdogo, wa kutibika. Mwezi uliofuata tumbo liliuma, lakini Marashi alisuka akiwa amesimama. Yeye alishukuru dawa. Shangazi aliwatangazia wateja wote kwamba ni dirisha, na kwamba wazo lilikuwa lake.