Injili Kando ya Tanuri

Tangu Pasaka mavyaa wangu, Haykanush, hakukanyaga kanisani. Magoti yalimgomea. Kwetu Injili ikisomwa watu husimama, naye alikataa katakata kuisikiliza akiwa amekaa.

"Nikae mbele za Mungu kama nasubiri basi?" aliniuliza.

Basi hakuisikia kabisa, na nilimwona akinyong'onyea siku hata siku. Niliomba kwa majuma mengi. Hatimaye mume wangu akanitilia kwenye simu Biblia iliyorekodiwa, inayosomwa kwa Kiarmenia chetu cha kila siku. Siku ya kuoka niliiweka dirishani. Tulikaa watatu ukingoni mwa tanuri la shimoni: jirani yetu Knarik akisukuma unga, mimi nikibandika mikate kwenye ukuta wa tanuri, mavyaa akiiopoa kwa ndoano ya chuma.

Sauti ya msomaji ilipoanza, mavyaa alishika ukuta, akasimama.

"Mama, mkate!"

Ulikwisha kuungua.

"Haya, leo tunakula makaa," Knarik akasema.

"Zima hiyo, Nvard," mavyaa akaniambia, miguu ikimtetemeka. "Au niache nisimame."

"Utatumbukia humo ndani, mama."

"Basi nitaiva."

Knarik alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikuweza. Nilinyoosha mkono wenye unga ili nizime. Msomaji alikuwa akisimulia habari za umati uliomfuata Yesu nyikani, jua linazama, chakula hakuna. Yesu akawaagiza wanafunzi wake wawakalishe watu wote kwenye majani.

"Ngoja! Kasema wafanyeje?"

Nikarudisha nyuma. Mavyaa akasikiliza tena, kichwa ameinamisha.

"Wakae," akasema polepole. "Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Na padri miaka yote hii hakuniambia?"

"Alisoma, ila kwa Kiarmenia cha kale."

"Na wewe ulikuwa unaangalia viatu vya watu," Knarik akadakia.

"Vyako, maana vilikuwa vichafu."

Akajishusha taratibu, mkono begani kwangu, akashika ndoano yake. Mkate uliofuata aliuopoa kwa wakati wake, umeiva vizuri. Akaukata vipande vitatu, cha kwanza akampa Knarik. Tukala huku tukisikiliza, naye machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Sura ilipokwisha akanigeukia.

"Jumapili," akasema, "unibebee kigoda."